Mtoto asiyesema naye ana la kusema: Mzazi, anza kumfundisha mawasiliano nyumbani



Kama umekulia Minago, unaijua asubuhi ya kule. Mitumbwi inarudi kutoka ziwani, kina mama wanashuka na mabeseni, na dagaa, wale ambao kwa Kirundi huitwa ndagala, wanaanikwa juani. Watoto wako kila mahali. Mama akiita jina moja, mtoto mmoja anageuka. Ni hivyo hivyo Rumonge na Nyanza-Lac, na ng'ambo ya ziwa kule Baraka.

Sasa mfikirie mtoto mmoja ambaye huitwa na hageuki. Ana miaka mitatu. Masikio yake yanasikia, kwa sababu ukifungua pakiti ya biskuti akiwa nyuma ya nyumba anakuja mbio. Lakini ukimwita jina lake, ni kama hukusema kitu. Hanyooshi kidole kukuonyesha mtumbwi unaokuja. Akitaka maji anakushika mkono, anakuvuta mpaka kwenye ndoo, bila kukutazama usoni. Kutwa nzima anapanga vijiwe kwa mstari, na ukisogeza kimoja analia mpaka majirani wanatoka nje.

Labda unamjua mtoto wa namna hii. Labda ni wa kwako. Makala hii ni kwa ajili yako, pia kwa bibi, shangazi na kaka anayekusaidia kumlea.

USONJI NI NINI?

Hali hii huitwa usonji. Wengine huiita tawahudi. Si ugonjwa wa kuambukiza. Ubongo wa mtoto umekua kwa njia yake, na kwa sababu hiyo mambo mawili humwia magumu: kuwasiliana na watu, na kuvumilia mabadiliko. Wengi hupenda kurudia jambo lile lile, na wengine husumbuliwa sana na kelele, mwanga au nguo inayokwaruza ngozi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo si jambo la familia moja yenye bahati mbaya. Liko Bujumbura, liko Kigoma, liko Ulaya, na liko hapa kambini.

Urithi wa damu una nafasi kubwa katika usonji. Hautokani na laana. Hautokani na mama kutazama kitu fulani akiwa mjamzito, wala na baba kukosana na wazee. Hautokani na malezi mabaya. Mama mkwe akikuambia kwamba "mtoto huyu umemharibu wewe", mwambie kwa heshima kwamba sivyo.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU SISI TULIOKIMBIA

Mtoto asiyeweza kujieleza yuko hatarini mahali popote. Katika safari ya ukimbizi hatari huongezeka. Wenye umri mkubwa wanakumbuka 1972 na 1993. Wengi zaidi wanakumbuka Mei 2015, pale makumi ya maelfu ya Warundi walipojazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni, na kupelekwa Kigoma kwa meli ya Liemba. Katika umati kama ule, mtoto akiachwa mkono anaulizwa: unaitwa nani, mama yako nani? Mtoto mwenye usonji anaweza kukaa kimya, au kurudia swali lile lile aliloulizwa.

Hatari nyingine ni maji. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa watoto wenye usonji wamo katika hatari kubwa ya kuzama kuliko watoto wengine. Wengi hupenda maji na hutoroka kimya kimya. Mliokulia ziwani mnaelewa maana yake. Hapa kambini hakuna ziwa, lakini kuna mito, mitaro ya mvua na mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya matofali.

Kwa hiyo mtoto anapojifunza kugeuka akiitwa, kuonyesha anachotaka na kukataa kwa ishara, hilo si pambo. Linaweza kuokoa maisha yake.

ANZA NA KITUO CHA AFYA

Mpeleke mtoto kituoni ukiona moja ya haya:

- Amefikisha miezi 12, hatoi sauti za kitoto kama "bababa" wala haonyeshi ishara yoyote, kwa mfano kupunga mkono au kunyoosha kidole.
- Amefikisha miezi 16, hana hata neno moja.
- Amefikisha miaka 2, hajaunganisha maneno mawili yake mwenyewe, kama "mama njoo" au "nipe maji".
- Alikuwa na maneno, sasa yamepotea. Hili usilingojee hata wiki moja, awe na umri wowote.

Usiridhike na maneno ya kwamba "wavulana huchelewa" au "babu yake naye alichelewa kusema". Anayesema hivyo hana nia mbaya, lakini miaka hii ya mwanzo ndiyo mtoto anayojifunza kwa wepesi zaidi.

Ukifika, omba masikio yapimwe. Mtoto mwenye usaha wa sikio unaojirudia anaweza kuwa hasikii vizuri, na hiyo ni shida nyingine yenye msaada wake. Eleza kama anapata degedege, kwa kuwa baadhi ya watoto wenye usonji wana kifafa pia, na kifafa kina dawa. Eleza vilevile kimya chake kilianza lini. Mtoto aliyekuwa anaongea vizuri akanyamaza baada ya kuona mauaji au kupoteza mzazi anaweza kuwa na hofu ndani yake. Huyo anahitaji msaada wa aina nyingine.

JE, MZAZI ASIYE MTAALAMU ANAWEZA KUFUNDISHA?

Anaweza. Hili limejaribiwa.

Nchini Uingereza, katika miji ya London, Manchester na Newcastle, watafiti waliwafuatilia watoto 152 wenye usonji. Baadhi ya wazazi walifundishwa jinsi ya kuzisoma ishara za mtoto na kuzijibu. Matokeo ya kwanza yalitolewa 2010. Watoto walipotazamwa tena miaka kadhaa baadaye, wale ambao wazazi wao walifundishwa walikuwa bado na nafuu katika mawasiliano. Matokeo hayo yalitolewa 2016. Hawakupona usonji, lakini walikuwa mbele ya wenzao.

Utasema: hiyo ni Ulaya, wana wataalamu. Basi tazama Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan. Huko mafunzo hayo hayo yalirahisishwa, yakatolewa na wahudumu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, kwa wazazi wa watoto wenye miaka 2 hadi 9. Jaribio lilikuwa na watoto 65. Vikao vilikuwa 12 katika miezi sita. Wazazi walijifunza kumjibu mtoto vizuri zaidi, na watoto wakaanza wenyewe kuwatafuta wazazi wao mara nyingi zaidi. Si kila kipimo kilipanda, lakini hicho kilipanda.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitengeneza mafunzo ya walezi: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, kwa familia za watoto wenye miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji. Yalichapishwa 2022. Wanaofundisha si lazima wawe madaktari. Wauguzi, walimu na wahudumu wa jamii wanaweza. Mafunzo haya yamepelekwa Ethiopia, na Kilifi katika pwani ya Kenya, ambako watu wengi husema Kigiriama nyumbani na Kiswahili sokoni, kama vile Minago Kirundi na Kiswahili vinavyokaa pamoja.

Sababu ya mafanikio ni rahisi kuielewa. Hata pale penye mtaalamu, mtoto humwona saa moja kwa wiki. Wewe unaamka naye, unamwogesha, unamlisha na kulala naye. Somo lake kubwa liko mikononi mwako.

MAMBO SITA YA KUANZA LEO

1. Shuka chini mpaka alipo. Keti au chuchumaa mbele yake, si nyuma, ili akiinua macho akuone. Kwanza tazama tu. Anafanya nini? Anamimina maji? Anapanga vijiwe? Anachokipenda ndicho kitakachokuwa somo lenu.

2. Jiunge naye, usimnyang'anye. Wazazi wengi tumezoea kumvuta mtoto: "Acha hayo mawe, njoo useme mama!" Anajifungia zaidi. Badala yake chukua kijiwe chako, kiweke kwenye mstari wake. Akigonga kopo, gonga nawe. Siku ya kwanza anaweza kukusukuma. Siku ya tano anaweza kukutazama aone kama utagonga tena. Mtazamo huo ni mazungumzo yenu ya kwanza.

3. Sema machache. Mtoto asiye na neno, mpe neno moja. Mwenye neno moja, mpe mawili. Akimimina maji sema "maji". Akisema "maji", sema "maji baridi" au "mimina maji". Punguza maswali. "Hii nini? Sema! Hii nini?" ni mtihani, na mtihani humchosha mtoto.

4. Ngoja. Hili ndilo gumu kuliko yote. Ukishasema neno, nyamaza, mtazame, hesabu moja hadi kumi moyoni. Mtoto mwenye usonji huhitaji muda kuipokea sauti na kutafuta jibu. Sisi huharakisha, tunarudia mara tatu, kisha tunajijibu wenyewe. Tunamfunga mdomo bila kujua.

5. Kila ishara ipokee kama neno. Akikuvuta mkono kwenda kwenye ndoo, amesema. Mwambie "maji", gusa ndoo kwa kidole, kisha mpe hapo hapo. Ataona kwamba kuwasiliana kuna faida. Akisukuma sahani, sema "sitaki" na uiondoe. Mtoto anayeheshimiwa anapokataa hana haja ya kutupa sahani.

6. Mpe sababu ya kuomba. Shika vitu viwili, muhogo na ndizi, ungoje achague kwa jicho au kwa mkono. Weka vijiwe vyake kwenye kopo lenye mfuniko mgumu ili akuletee ufungue. Lakini angalia: usimnyime chakula mtoto mwenye njaa eti mpaka aseme. Posho yenyewe ni ndogo. Tunacheza na mchezo, hatuchezi na tumbo lake.

Huhitaji kuacha kazi zako. Dakika kumi wakati wa kuoga, kumi wakati wa kupika, zinatosha kuanzia. Tuseme unachambua dagaa kama ulivyokuwa ukifanya kwenu. Mtoto amekuja, anazipenda zile rangi za fedha. Mpe mmoja mkononi. Sema "dagaa". Utupe mmoja kwenye beseni: "ndani". Ngoja. Akitupa wa kwake, sema "ndani!" kwa furaha. Fanyeni hivyo mara kumi. Mara ya kumi na moja shika dagaa juu ya beseni, usiutupe, mtazame, ungoje. Akitoa sauti yoyote, akigusa mkono wako au akikutazama tu, utupe: "ndani!" Hapo mtoto amekuambia jambo, na wewe umemsikia.

Kama jirani ana simu yenye kamera, mwombe akurekodi dakika tano ukicheza na mtoto. Kisha itazame mwenyewe. Hesabu: nimesema mara ngapi? Nimengoja mara ngapi? Ameniangalia lini nami sikuona? Kule India na Pakistan kazi kubwa ya vikao ilikuwa hiyo, mzazi kutazama picha zake mwenyewe. Ukimaliza, zifute, ili picha ya mtoto isizagae mitaani.

ISHARA NA PICHA HAZIZUII MDOMO

Wazazi huuliza: "Nikimfundisha ishara za mikono, si atakuwa mvivu wa kusema?" Hapana. Ishara na picha haziui maneno, na kwa watoto wengi huyafungulia njia. Fundisheni ishara tatu nyumba nzima: kunywa, choo, basta. Kisha chora kwa mkaa kwenye kipande cha katoni: kikombe, sahani, kitanda. Mtoto akikuletea katoni ya kikombe, mpe maji bila kuchelewa. Baadhi ya watoto wenye usonji hawatasema kwa mdomo hata wakiwa wakubwa. Hao nao wana haki ya kuwa na njia ya kusema.

TUMIA LUGHA IPI?

Mtoto wa mwambao husikia Kirundi au Kibembe nyumbani, Kiswahili mtaani, na Kifaransa shuleni. Wazazi wengine huambiwa waache lugha yao ili "wasimchanganye". Usiache. Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili humdhuru mtoto mwenye usonji. Sema naye kwa lugha unayobembelezea na kuchekea. Jambo la msingi ni kwamba ishara ile ile na neno lile lile litumike kila siku kwa kitu kile kile.

KILIO PIA NI NENO

Siku ya kugawa chakula, kwenye foleni, jua kali, watu wanasukumana, mtoto anajitupa chini na kupiga kelele. Watu wanasema amedekezwa. Mara nyingi anasema jambo ambalo hana neno lake: kelele zimenizidi, naogopa, sijui tunakwenda wapi.

Mwandae kabla. Asubuhi mwonyeshe mfuko wa posho, sema "foleni, kisha nyumbani". Mpe kijiwe chake akishike. Mfunike kichwa na kitenge akizidiwa na kelele. Kama kuna shangazi au jirani wa kubaki naye, ni bora zaidi. Waombe wasimamizi wakutangulize, na useme wazi kwamba mtoto ana ulemavu wa mawasiliano. Si aibu kuomba hilo.

Kumpiga hakumfundishi neno. Kumfunga kamba ili asitoroke kunamjeruhi na kumnyima kujifunza. Badala yake zungushieni ua hata wa matete, waarifu majirani wote, na shoneni ndani ya nguo yake kitambaa chenye jina lake na mtaa mnaokaa. Akipotea, tafuteni kwanza penye maji.

JIHADHARI NA WAUZA UPONYAJI

Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia dawa hiyo anataka pesa zako. Hatari kuliko zote ni maji yenye klorini au dawa ya madoa, ambayo watu wameyauza katika nchi mbalimbali kama tiba ya usonji. Yanaunguza tumbo na yanaweza kuua.

Pia usiache chanjo. Habari kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilianzia kwenye makala ya mwaka 1998 huko Uingereza. Jarida lililoichapisha liliifuta 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Surua yenyewe huua, na katika kambi yenye msongamano huenea upesi. Mtoto mwenye usonji naye apate chanjo zake zote.

NA WEWE MZAZI

Kulea mtoto huyu kunachosha. Hulali vizuri, hualikwi kwenye harusi, wengine hukataza watoto wao kucheza na wako. Baba, usimwachie mama peke yake. Dakika kumi zako za jioni, ukikaa chini na mtoto na vijiwe vyake, ni msaada kwa wote wawili. Wafundisheni ndugu zake nao. Mtoto anaweza kujifunza pia kwa kumwiga ndugu yake.

Watafuteni wazazi wengine wenye watoto kama wenu. Watatu mkikutana mara moja kwa wiki, mmoja analinda watoto na wawili wanapumzika, tayari ni kikundi. Mwambieni mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu kwamba mpo. Kama hakuna mafunzo, yaombeni pamoja, kwa sababu ombi la wazazi wengi ni gumu kulipuuza. Na ukijiona huna hamu ya kula, huwezi kulala au unafikiria kujidhuru, fika kituoni kwa ajili yako mwenyewe. Hilo nalo hutibiwa.

KUMBUKA

- Shuka chini, tazama, jiunge.
- Sema neno moja, kisha ngoja. Hesabu mpaka kumi.
- Pokea ishara kama neno, ujibu hapo hapo.
- Usimpige, usimfunge, usimnyime chakula.
- Linda mashimo na maji.
- Maneno yakipotea, nenda kituoni mara moja.

Usingoje mtoto aseme ndipo uanze kuzungumza naye. Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, kaa naye chini dakika kumi. Chukua kijiwe kimoja, kiweke kwenye mstari wake, unyamaze, uone atafanya nini.